Natafuta mabomba ya zamani yaliyofukiwa uani, kijiko cha kuchimbia nimebakiza siku moja tu, nisaidieni (Dodoma)

Wakuja_AreaC

Wakuu mbukwenyi, na kwa sisi wa kuja habari za jioni.

Iko hivi. Mwaka jana nilinunua nyumba huku Area C, zile za zamani enzi za CDA (ile mamlaka ya kustawisha makao makuu), aliyeniuzia naye alinunua kwa mtu kwa hiyo ramani hakuna, hata kikaratasi cha mabomba sikupewa. Kiangazi chote raha mustarehe, nikajua nimelamba dume. Ilipofika Januari mvua tatu mfululizo tu uani kukawa bwawa, kuanzia mlango wa jikoni mpaka karibu na banda la uani, maji siku mbili hayaendi popote, bata wa jirani wakahamia kwangu. Mzee mmoja jirani akaniambia hapo chini kuna mabomba kijana, zamani maji yalikuwa hayakai. Nikamuuliza yanapita wapi, akanyoosha mkono akazungusha uwanja wote hahaha.

Sasa kuna jamaa yangu ana kijiko kidogo cha kama tani moja na nusu, kilikuwa kwenye kazi huko Mtumba, kaniachia leo Jumamosi na kesho, mafuta juu yangu na opereta nimlipe mimi. Opereta ni dogo, mashine anaijua vizuri tu ila mambo ya mabomba hajui na mimi ndo kabisa. Leo tumeanza saa 3 asubuhi, tukapiga mfereji sambamba na ukuta wa nyumba upande wa jikoni, kina kama sentimita 60 tukasikia kraa, bomba la udongo wa kuchoma inchi 4 tumelipasua. Nikafurahi nikasema tumelipata. Mtaro wa barabara uko mbele, kwa hiyo tukalifuata kuelekea getini, maana akili inasema maji lazima yaende mtaroni. Tumechimba mita 9 tunalifuata, tumelivunja tena sehemu mbili, na karibu na geti likaishia kwenye zege chakavu. Basi. Hamna muendelezo.

Uwanja saizi ni kama ngiri wamelala humo, pevingi zimerundikwa pembeni, mke wangu hasemi kitu na hiyo ndo inanitisha zaidi. Kesho saa 12 jioni kijiko kinaondoka. Mvua nazo mnajua, mwisho wa Novemba huu ikichelewa Desemba zinaanza. Naomba mwenye uzoefu aniambie mtu anatafutaje bomba la zamani bila kupindua uwanja mzima?

kibanda_cha_chipsi

Pole mkuu. Hiyo ya mke kukaa kimya ni hatari kuliko hilo bomba, mnunulie kitu kwanza

Nyundo na Msumari

Huku kwetu kuna babu anatembea na waya mbili amezikunja kama herufi L, wanasema akipita juu ya maji zinapishana. Alimtafutia shemeji yangu kisima Veyula. Mpe elfu kumi aje asubuhi

Opereta_Mstaafu

Mi nimekaa kwenye mashine miaka mingi, bekho, eskaveta kubwa, na hivyo vijiko vidogo vya mikanda ya mpira. Hao babu wa waya siwasemi vibaya lakini hizo waya ni kubahatisha tu. Kinachoonyesha ni udongo wenyewe, ngoja nikuelezee.

Kwanza nijibu maswali mawili. La kwanza, hicho kipande cha bomba mlichokivunja unacho? Mabomba ya udongo yana upande mmoja mwembamba na upande mwingine umetanuka kama kikombe, ule mwembamba unaingia ndani ya kikombe cha mwenzake. Vikombe vilikuwa vinatazama upande gani, getini au nyumbani? La pili, pale mlipolipasua ilikuwa sentimita 60, pale getini lilipoishia kina kilikuwa ngapi? Usinikadirie, kapime na futi sasa hivi na tochi ya simu.

Wakuja_AreaC

Nimetoka kupima mkuu. Pale geti juu ya bomba ni sentimita 38. Vikombe vyote vinatazama getini. Sikuwaza kabisa kama ina maana yoyote.

Opereta_Mstaafu

Basi hapo ndo ulipopotea. Fundi akilaza bomba la udongo kikombe anakielekeza kule maji yanakotoka, ili maji yanaposhuka yatoke kwenye mdomo mwembamba yaingie kwenye kikombe cha bomba linalofuata, akigeuza maji na takataka vitagonga kwenye kingo ya kila kiungo na laini itaziba mapema. Kwa hiyo vikombe vikitazama getini maana yake maji yalikuwa yanatoka getini yanakuja nyuma. Na kina kinasema hivyo hivyo, getini 38, jikoni 60. Bomba la maji machafu halipandi mlima bwana. Mmechimba mita 9 kwenda kwenye chanzo badala ya kwenda kwenye mwisho. Hilo zege la getini uwezekano mkubwa ni karo la zamani la kufulia au kuoshea gari, limefukiwa na pevingi.

Kesho geuza kijiko kitazame nyuma ya nyumba. Na kabla hujawasha mashine ngoja fundi chemba aje hapa, najua anasoma huu uzi.

Fundi Chemba

Nipo nipo, nilikuwa namalizia ugali.

Mkuu @Wakuja una bahati usiyoijua. Kama uwanja wa mbele uko sawa, tofauti ya 60 na 38 ni sentimita 22, kwa urefu wa mita 9. Gawanya uone, inakaribia kabisa moja kwa arobaini, yaani kila mita 1 inashuka sentimita 2 na nusu. Wazee waliotufundisha walikuwa na kanuni nyepesi ya kukariri, bomba la inchi 4 moja kwa 40, inchi 6 moja kwa 60, inchi 9 moja kwa 90. Bomba lako ni inchi 4 na limelala moja kwa 40 vilevile, kwa hiyo aliyelilaza alikuwa anajua kazi yake na wewe sasa unaweza kubashiri kina chake popote pale kabla hujachimba. Angekuwa fundi wa kukadiria kwa macho tungekuwa tunabahatisha wote.

Fanya hivi. Kutoka pale mlipolipasua jikoni mpaka ukuta wa nyuma ni mita ngapi? Halafu tafuta mpira wa leveli, ule wa plastiki unaoonyesha maji ndani, hata mita 20 unauzwa hardware yoyote, upime uwanja unashuka sentimita ngapi kutoka jikoni mpaka nyuma. Hapo ndo utajua.

Wakuja_AreaC

Mpaka ukuta wa nyuma ni mita 20 na kitu hivi. Leveli nitapima alfajiri, mpira anao fundi wangu wa tofali. Ila kuna banda la uani hapo nyuma vyumba viwili, alijenga mwenye nyumba aliyepita. Na kuna mwarobaini mkubwa pembeni ya banda.

Mama Zabibu

Samahani naingilia wanangu, mimi ni mkulima tu wa Hombolo ila hili la mwarobaini nina la kusema. Huo mwarobaini Septemba na Oktoba ulikuwaje, ulikuwa wa kijani kuliko ya majirani? Na chini yake ardhi imetitia?

Wakuja_AreaC

Shikamoo mama. Ni kweli kabisa, umeshiba muda wote, na kuna sehemu chini yake imebonyea kama sahani kubwa, watoto wanachezea gololi hapo. Umejuaje?

Mama Zabibu

Marahaba mwanangu. Huku kwetu kiangazi kuanzia Mei hakuna tone, mti ukiona unanawiri peke yake wakati wenzake wamechakaa ujue mizizi imepata kunywa mahali. Kwangu ilikuwa bomba la maji ya kunyweshea zabibu, tulihangaika mwezi mzima tunatafuta kwanini maji hayafiki mstari wa mwisho, kumbe mti ulikuwa unayanywa kwenye kiungo. Tulipochimba tulikuta mizizi imejaa ndani ya bomba kama mkia wa ng'ombe.

Lakini lililonifanya niandike ni hilo bonde la gololi. Sehemu ikititia hivyo kwenye uwanja wa zamani inaweza kuwa bomba limepasuka udongo unaingia ndani taratibu, na inaweza pia kuwa shimo la choo la zamani lililofunikwa na mfuniko wa zege umechoka. Mdogo wangu alileta trekta kwenye kiwanja cha urithi, gurudumu la nyuma likazama mpaka kwenye ekseli, chini palikuwa na shimo hakuna aliyelikumbuka. Mungu saidia hakuna aliyeumia. Hao watoto waondoe hapo leo leo, gololi wakachezee mbele.

Fundi Chemba

Mama kanikumbusha, asante sana mama. Kijiko cha tani moja na nusu kinaonekana kidogo lakini kwenye mfuniko wa zege wa miaka arobaini ni mzigo. Kabla mashine haijasogea huko nyuma chukua mtaimbo, gongagonga kila nusu mita pale panapobonyea na kuzunguka, sikiliza. Udongo mtupu unatoa sauti ya dhu, zege lenye uwazi chini linaitika. Na ukilipata shimo usiingie na usiinamishe kichwa ndani, hewa ya humo inaua mtu mzima dakika chache na anayemfuata kumwokoa anabaki humo humo. Halafu nimeshaona mafundi wanawasha majani mabichi kwenye chemba ili waone moshi utatokea wapi. Msifanye. Gesi ya shimo la choo inawaka.

Opereta_Mstaafu

Haya sasa namna ya kuchimba, hili ndo uliloliuliza.

Kosa linalofanywa na karibu kila mtu ni kuchimba kufuata kule anakodhani bomba limelala. Ukikosea nusu mita tu unaweza kuchimba mita 20 pembeni ya bomba sambamba nalo na usilione, na ukipatia ndo unalivunja kila hatua maana meno ya baketi yanatembea juu yake. Chimba kwa kukata, yaani mfereji mfupi uliokaa kama mtu anavuka barabara, mita 2 au 3 tu, sehemu ambayo una uhakika bomba lazima lipite. Likikatiza utaliona. Ukishaliona hapo unaenda mita 6 au 7 mbele unakata tena, unapata nukta mbili, unavuta kamba unapata mstari. Uwanja mzima utakuwa na mifereji mitatu mifupi badala ya vurugu ulilonalo saizi.

Mwambie dogo abadilishe baketi, hivyo vijiko huwa vinakuja na baketi pana isiyo na meno, ya kusafishia. Kama haipo basi akunje baketi ili itambae kwa mgongo na ukingo, asichome na meno. Na asichimbe, anakwangue. Sentimita 5, 5, kama mtu anamenya papai. Wewe usikae kivulini, simama pembeni mahali anapokuona, usikae nyuma ya mkono wa mashine, kazi yako ni kuangalia rangi ya udongo tu. Huku kwetu udongo wa asili ni mwekundu, umekaa sawa, mgumu, chini yake mara nyingi unakuta tabaka jeupejeupe gumu kama simenti mbovu. Mfereji uliowahi kuchimbwa hata kama ni miaka hamsini iliyopita haurudi kuwa kama zamani, udongo wake umechanganyika, mwekundu na mweupe na vipande vya tofali, ni laini zaidi, unaonekana kama utepe umepita katikati. Ukiuona utepe mpungie dogo asimame. Hapo bado sentimita 30 au 40 kulifikia bomba, na hizo ni za chepe na mkono sio za mashine.

Ukikosa kuona utepe kwa sababu ya vumbi, ujanja mmoja. Kwangua sehemu pana kina kidogo tu, fagia, mwaga maji sawasawa jioni, asubuhi angalia. Palipochimbwa zamani hukauka tofauti na pembeni yake. Lakini wewe huna usiku wa pili kwa hiyo hiyo ni ya wengine watakaosoma.

Na udongo mnaotoa mwageni mbali na ukingo wa mfereji angalau hatua moja, ukizidi kina cha kiuno mtu asishuke bila kutanua kingo. Kichanga cha Dodoma kikikauka kinasimama wima kinakudanganya, kikiamua kushuka hakikohoi.

mjukuu_wa_seremala

Kwani hamna kamera siku hizi? Nimeona mtu anaingiza kamera kwenye bomba anaona kwenye skrini

Fundi Chemba

Zipo mkuu, na zile nzuri kichwa chake kina kitoa mawimbi, mtu anatembea juu na kipokezi anajua kamera iko wapi na kina gani. Kwa bomba la udongo au plastiki ni njia nzuri ya kifaa, maana mashine za kutafuta chuma hazioni udongo. Lakini leo ni Jumamosi usiku, kesho utamtoa wapi mtu wa kamera. Na bomba likijaa mizizi kamera inagota hapo hapo.

Kamera ya maskini ni hii. Bomba la poli la nusu inchi, lile jeusi la kwenye roli, lisukume ndani kuanzia pale mlipolipasua kuelekea nyuma. Litaingia mpaka litakapogota. Weka alama kwa utepe pale mdomoni, litoe, pima. Kama limeingia mita 13 basi kizuizi kiko mita 13 kutoka hapo, na hapo ndo unakata mfereji wako wa kwanza mita moja kabla. Mtu akiwa anasukuma na kurudisha mwingine alaze sikio chini huko mbele, asubuhi kabla ya bodaboda hazijaamka utasikia kugonga. Kisha mwaga ndoo mbili za maji zenye bluu ya kufulia uone kama zinatokea popote, hata nje ya ukuta.

Raia Mwema wa Kizota

Naomba niulize, kabla ya yote amejua nyaya za umeme na bomba la maji safi vinaingilia wapi? Nyumba nyingine za zamani waya wa umeme umepita chini. Mita ya maji iko wapi mkuu?

Wakuja_AreaC

Umeme unatoka nguzoni kwa juu, nimehakiki, ila wa kwenda banda la uani umepita chini na sijui umepita wapi. Kesho nazima swichi kuu kabisa. Bomba la maji safi la DUWASA linaingilia upande wa kulia mbele, sisi tutakuwa nyuma kushoto.

Raia Mwema wa Kizota

Hapo sawa. Kuzima ni vizuri ila waya wa bandani bado utafute kwa mkono, ukiukata utalala giza wewe na mpangaji.

Mzee wa Kikuyu

Vijana nimesoma yote. Nyongeza kidogo. Serikali ilipoamua mwaka 1973 makao makuu yaje Dodoma CDA ndiyo iliyopanga viwanja, na hizo nyumba zilijengwa wakati barabara nyingi ni za vumbi. Barabara zilipokuja kuwekwa kifusi na lami ziliinuka, sasa wewe unaona mtaro uko mbele unadhani ulikuwepo siku zote. Mtaani kwetu maji yote ya nyumba yalikuwa yanatolewa nyuma, kwenye uchochoro, yanaenda kwenye korongo. Korongo lenyewe leo wamejenga. Chunguza nyuma ya ukuta wako nje, siyo ndani tu.

Kuhusu ramani, CDA ilivunjwa 2017 na kazi zake zikaenda halmashauri ambayo sasa ni Jiji. Nenda na namba ya kitalu na kiwanja ukaulize. Ya mabomba ya ndani sikuahidi, ila ramani ya mtaa itakuonyesha njia ya maji ilipangwa wapi. Hilo la siku za kazi lakini, siyo Jumapili.

Wakuja_AreaC

Shikamoo mzee, asante sana. Wakuu wote asanteni, nalala mapema.

Wakuja_AreaC

Narudi na mrejesho, ni Jumapili saa 2 usiku, mgongo umeniisha.

Saa 12 asubuhi tumepima leveli, uwanja kutoka jikoni mpaka ukuta wa nyuma unashuka sentimita 25. Nikafanya hesabu ya Fundi Chemba, mita 20 kwa sentimita 2 na nusu ni 50, jumlisha 60 ni 110, toa 25 uwanja ulizoshuka, inabaki 85. Nikaandika 85 kwenye ukuta na mkaa. Bomba la poli likaingia mita 14 na nusu likagota, na mahali pale ni pembeni ya mwarobaini kama mama alivyosema.

Tukagonga na mtaimbo kabla ya mashine kusogea. Kwenye bonde la gololi ni dhu tupu. Lakini mita moja na nusu kutoka hapo, PALE PALE nilipokuwa nimepanga kijiko kisimame, ikaitika. Tumefukua kwa chepe tumekuta mfuniko wa zege una ufa katikati, shimo la choo la zamani, sijalifungua. Tumezungushia kamba na mabati, dogo opereta alikaa kimya dakika nzima akiangalia. Mama Zabibu Mungu akubariki.

Mfereji wa kwanza wa kukata tumepiga mita 13 kutoka jikoni. Baketi isiyo na meno ilikuwepo kumbe, ilikuwa imeachwa kwenye kirikuu kilicholeta mafuta. Dogo alikuwa anakwangua nikawa namuona kabisa anachoka na upole wangu, ghafla nikaona utepe. Yaani kama alivyosema mkuu, udongo mwekundu halafu katikati upana wa nusu mita hivi una vipande vya tofali na mweupe mweupe. Sikuamini, siku moja kabla ningepita juu yake bila kuona. Tukamaliza kwa mkono, bomba zima, halijaguswa. Mfereji wa pili tukaupiga mita moja tu kabla ya ukuta wa banda, tukalipata tena, kina sentimita 83. Pale kwa kanuni ilitakiwa 80 na kidogo. Nilimpigia kelele mke wangu aje aone futi.

Tatizo lenyewe, pale kwenye mti viungo vimeachana, mizizi imeingia imejaa, na udongo umetiririka ndani ndo maana juu pakatitia. Na baada ya hapo bomba linaingia CHINI YA BANDA. Yule bwana alijenga vyumba viwili juu ya laini. Nje kwenye uchochoro tumefukua tukakuta mdomo wa bomba umezikwa na kifusi cha ukuta wa mtu. Ndoo za bluu hazikutokea popote.

Swali la mwisho. Kijiko kimeondoka. Nivunje chumba au nifanyeje? Na nimekuta kipande kimoja karibu na ukuta sio cha udongo, ni kijivu kinafanana na bati la asbesto, nataka nikikate na grenda niunge PVC.

Fundi Chemba

USIKATE NA GRENDA. Hicho ni asbesto simenti, mabomba ya zamani yako ya hivyo mengi tu, vumbi lake ndo sumu, linakaa kwenye mapafu miaka. Kikiwa kizima ardhini hakina neno, kiache hapo hapo. Kama lazima kitoke kiloweshe maji, kivute kizima kwenye kiungo bila kukivunja, kifunge kwenye nailoni nzito, na uwaulize watu wa mazingira wa Jiji kinatupwa wapi, usikichanganye na kifusi.

Chumba usivunje. Laini ya chini ya banda iage. Anzia kwenye ule mfereji wako wa mita 13, hapo kabla ya mti, jenga chemba ya tofali ya kuchoma sentimita 60 kwa 60. Kutoka kwenye chemba zungusha PVC inchi 4, zile za kijivu nene sio za kuvujia, upande wa pili wa banda mbali na mti, kona weka chemba nyingine usitumie elbo kali ukaifukia, kisha toa kwenye uchochoro. Una mserereko wa kutosha, hata moja kwa 60 itakufikisha. Chini ya bomba laza mchanga sentimita 10, usililaze juu ya mawe. Kuunga udongo na PVC usiweke simenti tupu, itapasuka, tafuta kiungo cha mpira chenye klipu mbili za kukaza, ukikosa Dodoma agiza Dar kinakuja na basi. Mlango wa bomba la zamani linaloenda bandani uzibe kwa tofali na simenti ili panya wasihamie. Na lile shimo la choo linyonywe, lijazwe mawe na kifusi, lisibaki wazi chini ya mfuniko wenye ufa.

Kule nje ongea na mwenyekiti wa mtaa kabla hujaanza kumwaga maji, kama korongo limejengwa maji yako yatamfikia mtu mlangoni. Kama mtaa wenu una laini ya majitaka inayoenda mabwawa ya Swaswa usithubutu kuunganisha maji ya mvua humo, yatarudi vyooni kwa watu.

Nyundo na Msumari

Kwahiyo babu wa waya hahitajiki

Opereta_Mstaafu

Mlete anywe chai tu. Mkuu @Wakuja kabla hujafukia andika vipimo, kutoka kona mbili za nyumba sio moja, na upige picha ukiwa umelaza futi humo ndani ya mfereji. Hukupewa karatasi, usije ukamuuzia mtu mwingine bila karatasi.

Wakuja_AreaC

Nimeshavichora nyuma ya kalenda. Navibandika hapa pia maana kalenda itapotea. Kona ya jiko mpaka bomba, mfereji wa kwanza, mita 13 na sentimita 10, kona ya sebule mita 15 na 40, kina 81. Mfereji wa pili, kona ya jiko mita 17.60, kona ya sebule mita 19 kamili, kina 83. Mfuniko wa shimo la choo uko mita 2.20 kutoka shina la mwarobaini kuelekea banda. Chemba nimeanza leo, tofali 180, fundi anasema zinatosha.

Fundi Chemba

Hazitoshi, ongeza 40.